Samurai yangu nataka springi ziende juu ya ekseli, waliofanya nielekezeni kabla sijachomelea

Ngosha_wa_Buchosa

Mwangaluka wakuu. Nna Suzuki Samurai SJ413, ile ya 1.3, springi za pleti mbele na nyuma. Niliinunua kwa mzee mmoja kule Magu ikiwa imekaa sana uani ila injini nzima na fowili inaingia vizuri tu. Natumia kwenda shamba na mwaloni, pale samaki wanaposhushwa, huku Buchosa. Kutoka Mwanza siku hizi kwa daraja la Kigongo-Busisi hamna tena kusubiri pantoni, unapita tu, shida inaanza ukishaacha lami kuingia njia za mialoni. Mvua ikinyesha ile mbuga nyeusi unaijua mwenyewe, na kwenye makorongo gari inakalia zile pleti za yu-bolti zilizo chini ya ekseli, tairi moja ya mbele na moja ya nyuma zinabaki hewani zinazunguka bure, mbili zilizoshika chini hazifanyi chochote.

Sasa nimeangalia sana video za Wamarekani na Waaustralia, naona kuna wanaotoa springi chini ya ekseli wanazihamishia juu, kuna wanaoweka shako ndefu, kile kipande kinachoning'iniza ncha ya springi kwenye chasisi, kuna wenye shako zenye bawaba inayofunguka, na kuna mmoja nimeona kakata springi nusu kabisa kafunga kipande kwenye chasisi af gari inatembea. Fundi mmoja hapa mjini kaniambia kuhamisha springi ni kazi ya siku moja, anachomelea vikalio vipya juu ya ekseli, anafunga yu-bolti, nalipa naondoka. Mbona imekuwa rahisi hivyo? Kipi kingine kinaguswa ambacho hajaniambia? Bajeti yenyewe ya kuungaunga kwa iyo kit ya kuagiza nje msinitajie.

Mjomba_Lo_Gia

Tafuta tairi kubwa zenye meno makubwa, mengine yote ni kelele za Youtube.

FundiChuma_Nyakato

Ngosha, fundi wako hajakudanganya kuhusu siku moja. Kuhamisha springi ni siku moja kweli. Kinachokula wiki ni kurekebisha vitu ambavyo springi zikihama vinakataa kukaa sawa.

Twende taratibu. Samurai kiwandani springi zipo chini ya ekseli mbele na nyuma. Ukizipeleka juu gari inapanda kwa unene wa ekseli yenyewe jumlisha unene wa fungu la springi na vikalio, kwa Samurai inafika kama inchi 5 hivi, na hiyo ni nyingi kwa kigari chenye wilibesi, yani umbali kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma, ya milimita 2,030. Faida yake ya kwanza ni hiyo uliyoisema mwenyewe, zile pleti za yu-bolti na springi zinatoka chini, hazikwaruzi tena, unabaki na ekseli tupu. Ila difu haijapanda hata milimita moja, difu inapandishwa na tairi peke yake. Hapo Mjomba yuko sahihi ingawa kasema kwa mkato.

Sasa matatizo. Stelingi: ile rodi inayotoka kwenye boksi ya stelingi kwenda tairini ilikuwa imelala, sasa inakuwa imeinama sana, kila tairi ikipanda jiwe inavuta usukani yenyewe, na tairodi inataka kugusana na springi. Wengine wanaikunja rodi mfano wa Z, mi hiyo siipendi kabisa maana rodi iliyokunjwa ikibeba nguvu inajinyoosha na kujikunja, siku moja inakata uko kwenye mteremko. Dawa ya kweli ni kupandisha mkono wa stelingi kwenye nako, kile kiungo kinachogeuza tairi, ili rodi irudi kulala, hiyo inataka mtu wa lezi na chuma sahihi, na hapo usiruhusu mtu kuchomelea vipande.

Propela shafti: Samurai gia boksi ya fowili iko peke yake katikati, imeunganishwa na gia boksi kwa kishafti kifupi, kwa iyo shafti ya mbele na ya nyuma zote zinapata pembe mpya na zote zinakuwa fupi. Kikalio cha springi kichomelewe pale ambapo uso wa difu na uso wa gia boksi ya fowili viko sambamba, sio fundi anakadiria kwa jicho. Gari iwe imesimama kwa uzito wake chini, sio kwenye jeki, tunakamata kwa vinukta vichache kwanza, tunapima, ndo tunachomelea. Na uchomelee kidogo kidogo unahama upande, ukikaa sehemu moja unavuta mkondo mrefu ekseli inapinda kwa joto na utakula beringi na mafuta ya difu yatavuja bila kujua kwanini.

Na la mwisho ndo hawalisemi kwenye video: springi ikishakaa juu ya ekseli, difu inapata nguvu ya kuikunja. Ukikanyaga mafuta kwenye lo, ile gia nzito ya fowili, ekseli inataka kujizungusha, springi inajikunja mfano wa herufi S, pua ya difu inapanda, ukiachia inashuka kwa kishindo. Hapo ndo krosi, viungo vya propela shafti, zinapasuka.

Dawa yake tunaunda rodi moja nene kutoka kwenye difu kwenda mbele kwenye mkono wa chasisi. Ila sikiliza hapa maana wengi wanaharibu, ile ncha ya mbele usiifunge moja kwa moja kwenye chasisi, iningʼinize kwenye shako ndogo iweze kwenda mbele na kurudi. Ukiifunga kavu springi na rodi zinagombana, kila moja ina njia yake ya kuzunguka, na gari inakuwa ngumu kuliko ilivyokuwa.

Ngosha_wa_Buchosa

Duh. Fundi asante sana aisee, yani hapo kwenye S nimeelewa kwanini jamaa mmoja wa Sengerema kila mwezi anabadili krosi. Sasa je nikiacha springi chini nikaweka shako ndefu tu? Si ndo rahisi zaidi?

FundiChuma_Nyakato

Rahisi ndiyo. Ila hesabu yake, shako ukiongeza inchi 2 gari inapanda inchi 1, maana unainua ncha moja tu ya springi. Na kwenye Samurai shako za mbele ziko mbele kabisa, kwa iyo ukirefusha ekseli inainamia mbele, kasta, ule ulalo wa nako kwenda nyuma unaonyoosha usukani, inapungua, usukani unaanza kutangatanga na ukifika spidi kidogo tairi zinatetemeka mpaka unadhani gari inavunjika. Unaeza kurudisha kwa kabari za chuma kati ya springi na ekseli, chuma lakini, zile za aluminiamu zinapasuka. Nyuma shako ndefu zinainua pua ya difu, wakati mwingine hiyo inasaidia, wakati mwingine inaharibu pembe ya shafti. Inchi 1 ya juu kwa shako zenye ubora sio mbaya. Zaidi ya hapo unatafuta kesi.

DagaaQueen

Habari zenu kaka zangu. Mi sio fundi ila nna Hilux mbili zinaleta mzigo kutoka mialoni kuja Kirumba na nimeshalipia masomo ya springi vya kutosha, naomba niongee kama mlipaji.

Ngosha hujasema unabeba nini. Hilo ndo la kwanza. Dagaa wakavu wanajaza gari mpaka linafunikwa ila uzito wake wa kawaida, samaki wabichi na barafu ujazo mdogo gari inakaa chini. Gereji moja hapa mjini sitaitaja iliniwekea nyuma pleti nene za Canter eti "mama hii haitakusumbua tena". Gari ikirudi tupu ilikuwa inaruka kama mkokoteni, dereva mgongo unauma, na baada ya muda chasisi ikapata ufa nyuma ya kebini. Springi haikuvunjika kweli, ilivunja vingine.

Nikampata mzee mmoja wa springi akatoa yote, akarudisha pleti nyembamba zile za kwake nyingi zaidi, af chini kabisa akaweka pleti mbili nene zilizonyooka, hazina mkunjo, gari ikiwa tupu hazigusi kitu, mzigo ukipanda springi za juu zinashuka zinakutana nazo ndo zinaanza kusaidia. Tupu laini, na mzigo inasimama. Kwa nini hawaanzi na hii sijui.

Na jambo jingine kwa wenye Hilux wanaosoma huu uzi. Nyuma kuna valvu ya breki ina kirodi kinashikana na ekseli, inasoma gari imebeba au haijabeba. Ukiinua gari nyuma bila kurekebisha kile kirodi, valvu inadhani gari tupu siku zote, inapunguza breki za nyuma, umebeba barafu unashuka mlima breki ziko mbele tu. Ulizeni fundi kabla hajawakabidhi gari.

Ngosha_wa_Buchosa

Dada asante, hapo kwenye pleti zilizonyooka nimepapenda. Mimi mzigo wangu mdogo, mbolea, mbegu, siku moja moja ndoo za samaki. Kwa iyo uzito sio shida, shida ni tairi kubaki hewani.

KijanaWaCapri

Sasa hapo ndo umesema neno Ngosha, na kama shida ni tairi kubaki hewani basi kuinua gari sio jibu lake, jibu lake ni springi iweze kushuka na kupanda sana bila kubana, hivi ni vitu viwili tofauti na watu wanavichanganya kila siku. Gari inaweza kuwa juu kama ghorofa na bado ikaning'inia kwenye korongo dogo.

Nisome hesabu kidogo mtanivumilia. Ugumu wa pleti unaenda na unene wake mara tatu yani unene kwa unene kwa unene, kwa iyo pleti ya milimita 8 dhidi ya 6 sio ngumu zaidi kwa theluthi kama unavyodhani, ni 512 kwa 216, yani zaidi ya mara mbili. Ndo maana za Canter zilimuua dereva wa dada hapo juu. Pleti nyingi nyembamba zinabeba uzito uleule zikiwa zinakunjika vizuri zaidi kuliko chache nene. Na urefu ndo siri kubwa kuliko zote, ugumu unashuka kwa urefu mara tatu vilevile, ongeza urefu wa springi kwa asilimia 10 tu unene ukiwa uleule ugumu unagawanywa kwa 1.33. Ndo sababu Wamarekani wanachukua springi za Jeep Wrangler YJ, ile ya 1987 mpaka 1995 ambayo ndo Wrangler pekee yenye springi za pleti, wanazifunga kwenye Samurai na kuacha ekseli juu ya springi kama kiwandani. Wanapata urefu na ulaini bila ile S ya Fundi kuwa kubwa hivyo. Hapa Mwanza YJ hutaipata ila wazo ni lilelile, tafuta springi ndefu nyembamba kwenye vyuma chakavu, sogeza kishikio cha shako kidogo kwenye chasisi.

Na kabla hujatumia hela pima gari yako ilivyo sasa. Wenzetu wana kipimo, wanajenga ngazi ya mteremko wa digrii 20, tairi moja ya mbele inapanda mpaka tairi nyingine yoyote inyanyuke, wanapima umbali iliyopanda kwenye ngazi, wanagawa kwa wilibesi, wanazidisha kwa 1,000. Samurai yako ikipanda milimita 1,015 ina alama 500. Mbao na mawe yapo Mwanza mji mzima umejengwa juu ya mawe, nenda Luchelele tafuta jiwe lenye mteremko, huitaji maabara.

Kuhusu zile shako za bawaba, kwenye picha tamu sana, tairi inashuka mpaka chini. Ila jiulize nini kinaisukuma ile tairi chini. Bawaba ikishafunguka springi haisukumi tena, tairi inaning'inia kwa uzito wa ekseli tu, haina nguvu ya kushika udongo. Na ukiwa umelalia ubavu kwenye mteremko bawaba ya upande wa juu inafunguka ghafla, bodi inaruka juu, wakati gari yenyewe ni Samurai. Hiki kigari mwaka 1988 jarida la Consumer Reports la Marekani lilikipa alama ya haikubaliki kwa sababu ya kupinduka kwenye majaribio yao, Suzuki wakawashtaki 1996, kesi ikaenda mpaka 2004 wakapatana. Nani alikuwa na haki wabishane wao, mi nasema tu wembamba wa gari uko palepale na wewe unataka kuongeza inchi 5 juu yake.

Mjomba_Lo_Gia

Huyu dogo kasomea hizi mambo au anatuona wajinga 😂 ila la urefu nakubali, springi za Land Cruiser ndefu za nyuma kuna jamaa Igoma alizifunga kwenye kigari kingine kidogo, inatambaa kama imeyeyuka.

Na ile springi nusu aliyoiona Ngosha sio uchawi, ni ya zamani sana, Austin Seven ya Uingereza ya 1922 nyuma ilikuwa na nusu springi, upande mnene umebanwa kwenye chasisi ncha nyembamba inashika ekseli. Bugatti nao walikuwa nazo nyuma, zimegeuzwa. Ila ukikata nusu springi imepoteza kazi yake ya kushika ekseli isiende mbele na nyuma, lazima uongeze rodi za kuishikilia. Kwa gari ya kwenda shamba utajuta kila bushi.

DagaaQueen

Swali dogo la mtu wa pembeni. Ule mlio wa springi, nyii nyii nyii, na zinavyokaza ukikaa na vumbi la huku. Dereva wangu anapaka grisi kila wiki af vumbi linagandia inakuwa uji wa mchanga. Mnafanyaje?

FundiChuma_Nyakato

Grisi kwa barabara zetu ni kukaribisha mchanga. Gari za zamani walikuwa wanavisha springi soksi za ngozi zimejazwa grisi ndani, ilikuwa na maana kwa sababu vumbi halifiki. Ukipaka wazi unasaga pleti zako mwenyewe.

Mi ninachofanya, nachukua dumu la mafuta ya kula, lile gumu jeupe au la njano, nakata vipande upana wa springi, naweka kwenye ncha za kila pleti pale inaposugua ya juu yake. Plastiki ile inateleza vizuri. Nachimba kitundu kidogo kwenye ncha ya pleti, plastiki naichonga iwe na kidole kinachoingia kwenye kitundu isihame. Ncha za pleti nazo nazipiga grainda ziwe za mviringo na zimekonda, zile za kiwandani zilizokatwa kisu zinachimba pleti ya juu yake zinaacha mstari, na pleti inapovunjika huwa inavunjikia kwenye mstari huohuo. Kelele inaisha, na gari inakuwa laini bila kununua chochote. Dumu linaisha baada ya muda, unakata lingine.

Ngosha kwa gari yako ningeanza hapa hata kabla ya kugusa moto. Fungua mafungu yote manne, toa kutu, ncha zikonde, dumu katikati, bushi mpya za shako, na zile bana zinazoshika pleti pembeni ziwe na nafasi kidogo badala ya kubanwa na kutu. Usizitoe kabisa lakini, zikitoka, tairi ikishuka pleti kuu inabaki peke yake na mzigo wote, itavunjika jichoni. Shokapu nazo cheki, Samurai nyingi springi bado ina safari ila shokapu imeshafika mwisho ndo inaishikilia tairi hewani. Watu wanainua gari kumbe shokapu fupi.

Na kama kuna pleti ya kukunja usikubali mtu awashe gesi aipashe mpaka nyekundu af aikunje aiache ipoe hapo chini. Ile sio springi tena, hiyo ni chuma ya kutengenezea jembe. Inakunjwa baridi kwa nyundo kwenye reli, kidogo kidogo urefu wote, italegea tena baada ya muda lakini haivunjiki vibaya. Kuchomelea pleti iliyokatika, usijaribu kabisa.

KijanaWaCapri

Naunga mkono. Na kama baada ya hapo bado anataka kubadili kitu, kugeuza shako za mbele ziende nyuma ya springi naona ni bora kuliko kupandisha springi. Sasa hivi mbele shako iko mbele, tairi ikigonga jiwe springi inanyooka na kuisukuma ekseli kwenda mbele kulielekea jiwe. Ukigeuza, ekseli inarudi nyuma ikigongwa, inakwepa. Breki itainamisha pua zaidi na tairi itasogelea bodi nyuma ya madigadi kwa iyo ukate kidogo, na shafti ya mbele lazima iwe na nafasi ya kutosha ya kuingia na kutoka.

Mjomba_Lo_Gia

Hapo kwenye kugeuza shako nakupinga, ukifunga breki ghafla lamini pale Usagara utaona pua inavyochimba. Mbele iachwe ya kiwandani.

Ngosha_wa_Buchosa

Wakuu nimeelewa. Naanza na mafungu, dumu, bushi na shokapu ndefu, na tairi za meno makubwa kama Mjomba alivyosema mwanzo, af naenda Luchelele kupima alama kabla na baada nitaleta hapa. Springi juu ya ekseli naiweka pembeni kwanza. Fundi naweza kukuletea gari? Na shokapu ndefu nipime urefu gani niagize?

FundiChuma_Nyakato

Lete, nicheki inbox. Shokapu usipime gari ikiwa imekaa chini. Inua chasisi mpaka tairi za nyuma ziningʼinie zenyewe bila shokapu, pima kutoka jicho la chini mpaka la juu, huo ndo urefu wa kufunguka. Af shusha, pandisha tairi ya upande mmoja kwenye jiwe mpaka mpira wa chasisi uguse, pima tena, huo ndo wa kufunga, shokapu ikifungwa mpaka mwisho ikabaki ndefu kuliko huo itakatika yenyewe kabla springi haijafika. Wakati gari imeningʼinia angalia na hosipaipu ya breki kama imevutika. Na yu-bolti nunua mpya nne nne, za zamani zilishavutika hazishiki tena, zikilegea senta bolti, ile inayoshika pleti katikati, ndo inabeba ekseli peke yake na inakatwa mara moja. Ukishapita nazo rafu ya kwanza na mzigo, rudi nizikaze tena.